Kuku wanadonoana: soma jeraha kwanza, ndipo utafute dawa

Kuku akitoka damu, banda zima hubadilika. Wekundu wa damu humvuta kuku kuliko punje ya mahindi, na akishaonja anarudi tena. Mtetea aliyechubuka kidogo asubuhi anaweza kukutwa jioni ametobolewa mpaka utumbo unaonekana, na waliomfanyia hivyo ni wale wale anaolala nao fito moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza haisubiri ujue sababu. Unaokoa kuku, halafu unachunguza.

Saa ya kwanza

Mtoe majeruhi. Mweke kwenye tenga au boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye kivuli na utulivu, akiwa na maji na chakula chake. Kama nafasi ipo, tenga hilo likae pale anapoweza kuwaona na kuwasikia wenzake. Kuku aliyepotea machoni kwa wiki nzima hurudi kama mgeni, na mgeni hupigwa.

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, kisha osha kidonda kwa pamba au kitambaa safi. Manyoya yaliyogandamana na damu yakate kwa mkasi, usiyang'oe. Ukimaliza, paka iodini ya vidonda iliyozimuliwa, au ile dawa ya bluu ya kupuliza inayouzwa duka la dawa za mifugo. Ubluu wake una faida ya ziada, kwa sababu unaficha wekundu. Soma kibandiko uone mayai hayaliwi kwa siku ngapi, maana dawa nyingi za aina hiyo zina kiuavijasumu ndani yake.

Usipake oili chafu ya gari. Watu wengi wanaitumia kwa sababu inanuka na kuku hawaisogelei, lakini inaunguza ngozi, na mtetea akijitengeneza manyoya kwa mdomo anaimeza. Majivu nayo si dawa ya kidonda kibichi.

Katika joto la Dar es Salaam nzi hawachelewi. Kagua kidonda asubuhi na jioni kwa siku 3 za mwanzo, hasa kilicho karibu na sehemu ya haja. Ukiona vitu vyeupe vidogo kama chembe za mchele vimeshikamana kwenye manyoya, hayo ni mayai ya nzi. Yatoe yote siku hiyo hiyo, vinginevyo kesho utakuwa unatoa funza ndani ya nyama.

Jeraha liko wapi?

Hapa ndipo wafugaji wengi wanaporuka. Wanasikia "kuku wanadonoana" wanakimbilia kununua vitamini, wakati pengine tatizo ni kiota kimoja kinachogombewa na kuku 15. Mahali palipojeruhiwa panakueleza chanzo vizuri kuliko muuza dawa yeyote. Mshike kuku usiku akiwa ametulia, washa tochi, mkague kuanzia kichwani.

Upanga, masikio na shingo ya juu: huo ni ugomvi wa ukubwa. Kuku wana ngazi zao za nani anatangulia kula na nani anapisha. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei alizieleza ngazi hizo miaka ya 1920 baada ya kuwatazama kuku kwa muda mrefu. Kudonoana kwa namna hiyo ni kwa kawaida: pigo moja kichwani, mdogo anapisha, yameisha. Kunakuwa tatizo pale ambapo aliyepigwa hana pa kukimbilia, au umeingiza kuku wapya, au chombo cha chakula ni kimoja.

Mgongo wa chini na shina la mkia: hapa manyoya yanang'olewa na mara nyingi yanaliwa. Tazama chini. Ukiona kuku wana vipara lakini hakuna manyoya kwenye maranda, basi yameingia matumboni. Hiyo inaelekeza kwenye chakula, msongamano, au ukosefu wa kazi.

Sehemu ya haja: hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inaua. Huwapata zaidi mitetea wanaoanza kutaga, waliotaga yai kubwa, au walionenepa kupita kiasi. Baada ya kutaga, utando mwekundu wa njia ya yai hujitokeza nje kwa muda mfupi kisha hurudi. Mtetea akitagia sakafuni penye mwanga, wenzake wanauona na kuudonoa.

Mabega na nyuma ya kichwa, manyoya yakiwa yamekatika badala ya kung'oka: huyo ni jogoo. Anapopanda hushika kwa mdomo na kukwangua kwa kucha. Jogoo 1 anatosha mitetea 8 hadi 10. Ukiwa na majogoo 3 kwa mitetea 12, punguza majogoo kabla ya kupunguza kingine chochote.

Vidole vya miguu: hutokea kwa vifaranga, mara nyingi wakiwa na njaa, wamebanana, au taa yao ni kali mno.

Kuna mambo matatu yanayofanana na kudonoana lakini siyo. Kishingo ana shingo tupu kwa kuzaliwa, wala hajaonewa na mtu. Kuku anayebadilisha manyoya hupukutisha kwa mpangilio, kushoto na kulia sawa, na utaona vijiti vipya vya manyoya vinachomoza. Halafu ndui: vigaga vikavu vyeusi kama sugu kwenye upanga na kuzunguka macho, hasa kipindi cha mvua mbu wanapozidi. Jeraha la mdomo huwa bichi, lina damu au limechanika. Ukikuta vigaga vya ndui, muone daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya kuku wengine, maana hapo kurekebisha banda hakutasaidia.

Pima banda kwa futi

Chukua banda ambalo fundi amezoea kujenga uani, futi 8 kwa 10. Hizo ni kama mita za mraba 7.4. Kwa hali ya hewa yetu weka kuku 4 wakubwa kwa kila mita ya mraba, yaani wasizidi 30. Vitabu vingi vinaruhusu 5 au 6, ila wanaofuga Mbagala au Tabata nyuma ya ukuta usiopitisha upepo wakae kwenye 4. Kwa kuku 30 hao unahitaji:

- Kihori cha chakula chenye urefu wa mita 1.5 kinachoweza kuliwa pande zote mbili, maana kila kuku anahitaji sentimita 10 za kusimama. Ukitumia vyombo vya duara, weka viwili, kila kimoja pembe yake. Kuku mbabe hawezi kulinda pembe mbili kwa wakati mmoja.
- Vyombo 2 vya maji au zaidi, navyo vikiwa mbalimbali.
- Viota 6, kimoja kwa kuku 5, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 35, vikiwa upande wenye giza kuliko mingine. Ning'iniza kipande cha kiroba mlangoni pa kiota kikiwa kimepasuliwa katikati, mtetea apite na aonekane kidogo anapotaga.
- Fito za kulalia zenye jumla ya mita 5.4, yaani sentimita 18 kwa kuku.

Kuhusu fito kuna kosa linalojirudia. Zikiwekwa chini, tuseme futi 1 na nusu kutoka sakafuni, sehemu ya haja ya kuku aliyelala juu inakuwa sambamba na mdomo wa aliyesimama chini. Ziinue zifike futi 2 na nusu. Zote ziwe kimo kimoja, kwa sababu ukizipanga kama ngazi kila jioni watapigania ya juu.

Joto na mwanga

Kuanzia Desemba hadi Machi, kesi za kudonoana huongezeka hapa jijini. Joto la mchana linapita nyuzi 31, unyevu hauruhusu kuku kupoa kwa kuhema, na banda la bati lililo chini linakuwa tanuri. Kuku mwenye joto hukereka. Tena, hula kidogo. Hebu fikiria: mtetea aliyekuwa anakula gramu 115 kwa siku anashuka hadi 90, lakini yai anatoa lile lile. Chakula chenye protini ya kutosha mwezi wa Julai kinakuwa pungufu mwezi wa Februari bila wewe kubadilisha kitu, na pungufu hilo analitafuta kwenye manyoya ya mwenzake.

Paa likiwa la bati, tandika makuti juu yake. Ni bei ndogo, na tofauti utaisikia ukiingia ndani saa 8 mchana. Kama bado hujajenga, paa lisiwe chini ya futi 8 upande wa juu, na urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lipige kwenye kuta fupi. Upande wa magharibi ning'iniza neti ya kivuli au viroba vilivyoshonwa, usizibe kwa tofali. Walishe alfajiri na tena kuanzia saa 11 jioni. Maji yabadilishe mara 3 kwa siku wakati wa joto. Kuku 30 wanaweza kumaliza lita 9 siku ya kawaida na karibu mara mbili yake siku ya jua kali, kwa hiyo weka akiba ya madumu kwa siku ambazo bomba halitoi. Masaa machache bila maji yanatosha kuanzisha vita.

Mwanga mkali nao huchochea. Taa nyeupe kali iliyoning'inizwa chini, au mwale wa jua unaopenya tundu la bati na kumulika mgongo wa kuku mmoja, humfanya kila mwenye mdomo autazame mgongo huo. Ziba tundu. Kwa kuku wa mayai wanaohitaji saa 14 hadi 16 za mwanga, ongeza saa 2 hadi 4 kwa taa ndogo yenye rangi ya manjano, iliyo juu, isiyomulika ndani ya viota. Kama taa ni yako tu ya kuangalia usalama usiku kucha, izime. Kuku wanahitaji giza walale.

Chakula: protini, methionini na chumvi

Manyoya yametengenezwa kwa protini, na kiungo cha protini kinachopungua mara nyingi kwenye chakula cha kuchanganya nyumbani ni methionini. Mahindi, pumba na mashudu ya soya vina methionini kidogo. Dagaa wana ya kutosha, na alizeti si haba. Anayelisha pumba tupu na mabaki ya ugali asishangae kuona migongo wazi.

Mchanganyiko ufuatao, kilo 100 za kuku wanaotaga, unatoa protini ya takribani asilimia 17:

- Mahindi yaliyoparazwa: kilo 40
- Pumba za mahindi: kilo 18
- Mashudu ya alizeti: kilo 16
- Mashudu ya soya: kilo 8
- Dagaa waliosagwa: kilo 7
- Chokaa ya mifugo: kilo 8
- Unga wa mifupa: kilo 2
- Mchanganyiko wa vitamini na madini: gramu 500
- Chumvi: gramu 300
- Methionini: gramu 100
- Laisini (kiungo kingine cha protini): gramu 100

Vile vitu vya gramu usivimwage moja kwa moja kwenye lundo. Vichanganye kwanza na kilo 2 za pumba kwenye beseni, kisha beseni hilo lichanganye na kilo 20, ndipo uingize kwenye zilizobaki. Ukiruka hatua hiyo, kuku mmoja anakula chumvi yote na mwingine hapati hata chembe.

Chumvi inastahili neno zaidi. Ikipungua, kuku huanza kutafuta utamu wa chumvi kwenye damu na manyoya. Ikizidi, wanaharisha maji, wanakunywa kupita kiasi na wanaweza kufa. Chanzo cha kuzidi ni dagaa. Waonje. Kama ni wa baharini waliokaushwa kwa chumvi, ladha itakuambia papo hapo, na hapo punguza ile chumvi ya gramu 300 au uiache kabisa. Kama ni mabaki ya sakafuni sokoni, chota kiganja uweke kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika 5. Mchanga utatulia chini na utajua umenunua protini au umenunua ufukwe.

Chakula cha kiwandani hakihitaji kuongezewa vitu hivyo. Kinachokiharibu ni kukizimua. Mtu ananunua mfuko wa kilo 50 halafu anaongeza kilo 25 za pumba ili ufike mwisho wa mwezi, na protini iliyokuwa asilimia 17 inashuka hadi chini ya 15. Kama fedha haitoshi, ni heri kupunguza idadi ya kuku. Pia ukibadilisha aina ya chakula, fanya kwa siku 7, robo kwa robo. Mabadiliko ya ghafla huwafanya wakisusie, na kuku mwenye njaa anadonoa.

Wadudu wa usiku

Kabla hujalaumu chakula, ingia bandani saa 3 usiku na tochi. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na chini ya fito, na hutoka gizani kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Ukiona michirizi myekundu, umeshawapata. Chawa hukaa mwilini: fungua manyoya karibu na sehemu ya haja, utaona vimayai vyeupe vimeng'ang'ania mashina ya manyoya. Viroboto wa kuku hujipanga kama vidoa vyeusi kwenye upanga na pembeni mwa macho. Hao wapake mafuta mazito ya mgando, wakose hewa, ila yasiingie machoni.

Kuku anayewashwa hujidonoa mwenyewe mpaka ngozi inaonekana, na wenzake wanamalizia. Tumia poda ya kuua wadudu wa kuku kwa kipimo cha kibandiko, mwilini na kwenye nyufa, na rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dozi ya kwanza haiui mayai.

Wape kazi

Kuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku akiparua na kudonoa ardhi. Mdomo wa kuku aliyefungiwa una hamu ile ile, na kilichopo mbele yake ni mwenzake. Tandaza maranda ya seremala unene wa sentimita 8 hadi 10, na kila saa 10 jioni tupa gramu 10 za mahindi kwa kila kuku, yapotelee humo, wayatafute. Funga vichane vya mchicha, matembele au majani ya mlonge kwa kamba, vining'inie sentimita 5 juu ya vichwa vyao. Ukiviweka chini vitakanyagwa na kwisha kwa dakika chache, vikining'inia watashughulika navyo saa nzima. Tairi kuukuu lililojazwa mchanga mkavu ndoo 3 na majivu ya mkaa ndoo 1 ni bafu lao la vumbi, likae pasiponyeshewa.

Mbabe, mgeni na mdomo

Kaa kimya dakika 20 wakati wa kulisha, uangalie. Mara nyingi kuku mmoja au wawili ndio wanaoanzisha, na wengine wanafuata. Watoe hao, siku 3 hadi 5, mbali wasione banda. Wakirudi wanakuta nafasi yao imechukuliwa, nao wanaanza chini. Anayerudia mara ya tatu hatabadilika: muuze au mchinje.

Kuku wapya ulionunua sokoni, Shekilango au Kisutu, wasiingie moja kwa moja. Watenge wiki 3, kwanza kwa ajili ya kideri, kisha wiki moja wakiwa upande wa pili wa wavu. Waingize usiku, wawili watatu kwa pamoja, na asubuhi yake ongeza chombo cha chakula.

Kukata midomo tunakuweka mwisho makusudi. Kuku mkubwa ana mishipa ya fahamu mdomoni, na kumkata kwa kisu cha moto ni maumivu ya muda mrefu, tena anakula kwa shida. Kama ukali umezidi, chukua tupa ndogo ya kucha, usugue ile ncha kali ya mdomo wa juu milimita 1 hadi 2 tu, na uache pale rangi inapoanza kuwa ya waridi. Itaota tena baada ya wiki chache, na muda huo utumie kurekebisha banda.

Kumrudisha aliyepona

Ngoja kidonda kikauke na ngozi ifunge kabisa, isiwe na wekundu unaong'aa. Mrudishe baada ya giza kuingia, umweke fitoni katikati ya wenzake, na uwepo bandani alfajiri. Kama kizazi kilikuwa kimetoka nje na kikachanwa, usimrudishe. Kitatoka tena atakapotaga.

Usitumie vipara kama kipimo cha kufanikiwa. Nyoya lililong'oka na shina lake huchukua wiki kadhaa kuota upya, na lililokatika katikati hubaki hivyo hivyo mpaka kuku abadilishe manyoya. Kagua migongo yote kila Jumapili usiku kwa tochi, uhesabu madoa mabichi ya damu na uandike namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Wiki 2 mfululizo zikiwa na sifuri, anza kurudisha majeruhi waliopona, mmoja baada ya mwingine.